Ukuta wa Milango

Fundi seremala alitoka nje kusema neno moja tu. Hivyo ndivyo alivyomwambia mkewe, na mwenyewe aliamini. "Neno moja, mke wangu, narudi sasa hivi," alisema huku akitafuta kofia. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, miguu juu ya mto, na hakuinua hata kichwa. Alikuwa ameishi na mume huyo muda wa kutosha kujua kwamba hajawahi kusema neno moja tangu azaliwe.

"Hiyo si shughuli yako, bwana," alimwambia. "Waache vijana na mambo yao."

"Siingilii mambo yao. Ni ile kazi yenyewe. Ni mbovu, inanitia aibu."

Kazi yenyewe ilikuwa kizuizi. Tangu wiki ilipoanza watu walikuwa wamegoma kazi na kujaa barabarani kuipinga serikali, simu zilikuwa zimezimwa, na vijana wa mtaa walikuwa wameamua kuziba njia ili magari ya askari yasiingie kuzoa watu nyumba kwa nyumba. Mtaa ulikuwa na mdomo mmoja tu wa kutokea barabara kuu: upande mmoja ukuta wa kiwanda, upande wa pili korongo la maji machafu ambalo hata mbwa walisita kulivuka. Hapo mdomoni, mkabala na karakana ya fundi, vijana walirundika walichokipata: matairi, friji bovu, kitanda cha chuma, mabati, na meza za mama muuza chai, ambaye alizisindikiza kwa matusi. Fundi alikuwa akilitazama rundo hilo tangu asubuhi, akiumia moyoni. Walikuwa wameweka friji juu ya matairi. Nani mwenye akili zake anaweka kitu kizito juu ya kitu kinachobonyea? Kisha mbuzi akapanda kutafuta maganda, rundo likayumba, na friji likaporomokea upande wa vijana wenyewe. Hapo ndipo alipotafuta kofia.

Alipofika alisema neno lake moja, akaongeza la pili, na la tatu likawa hotuba. Kiongozi wa vijana, binti mwembamba mwenye kipaza sauti begani, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Sasa wewe ungefanyaje?"

Lilikuwa swali la kawaida, lakini fundi hakuwa ameulizwa swali kama hilo kwa muda mrefu sana. Wateja walimuuliza lini, na kwa nini bado. Mkewe alimuuliza ulikuwa wapi. Wewe ungefanyaje, hakuna aliyemuuliza. Alijikohoza, akavua kofia, akaivaa tena.

"Leteni nyundo," alisema.

Mchana mzima alifanya kazi kama mtu aliyelipwa. Mbao zilipokwisha, macho yake yaliingia karakanani, mlimokuwa na milango mipya ya mbao ngumu iliyokwisha pigwa randa ikingoja vanishi. Ilikuwa ya mteja aliyekuwa akijenga nyumba ya wageni. Fundi aliizunguka mara moja, akajiambia kwamba mteja yule naye ni mwananchi, na kwamba angekuwepo angeitoa kwa moyo mkunjufu. Kwa kuwa hakuwepo, fundi alimsaidia kuitoa.

Aliisimamisha bega kwa bega kutoka ukuta wa kiwanda hadi ukingo wa korongo, akaifunga kwa boriti za mlalo, akaitegemeza kwa nyuma, na kila kiungo akakitia gundi na skrubu ndefu. Kisha akafanya jambo ambalo seremala mwenye kiburi tu ndiye angelifikiria. Alichukua tupa akasaga vichwa vya skrubu zote mpaka vikawa laini, ili adui asipate pa kutia bisibisi.

"Hapa hata mimi mwenyewe siwezi kufungua," alitangaza, na vijana wakampigia makofi.

Alirudi nyumbani jioni na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Mkewe alimtazama, akajua kila kitu.

"Umejenga."

"Nimewasaidia kidogo."

"Na Alhamisi mimi nitapita wapi?"

Figo za mkewe zilikuwa zimeacha kazi, na kilichomweka hai ni mashine ya hospitali iliyomsafisha damu kila Jumatatu na Alhamisi. Akikosa siku moja alivimba na pumzi ikawa fupi. Akikosa zaidi ya hapo, daktari alikuwa amewaambia waziwazi, wasimlaumu mtu. Fundi alilijua hilo kuliko jina lake. Alilijua hata wakati akisaga vichwa vya skrubu, ila lilikuwa limejificha mahali fulani nyuma ya makofi.

"Mpaka Alhamisi serikali itakuwa imeanguka," alisema.

"Isipoanguka?"

"Itaanguka. Wewe hujauona ukuta wenyewe."

"Sina haja ya kuuona," mkewe alisema. "Nimemwona aliyeujenga."

Jumatano fundi aliamka mapema, akavaa shati lake la harusini. Hakukosea. Gari la askari lilifika asubuhi, likausukuma ukuta kwa bampa mara mbili. Ukuta ulilia lakini haukuyumba, na taa za gari ndizo zilizopasuka. Mtaa mzima ulishangilia. Binti alimpandisha fundi juu ya tairi na kutangaza kwa kipaza sauti kwamba huyu ndiye injinia wao. Watu walimpiga picha. Katika zote amevuta tumbo ndani.

Kwa kuwa injinia hawezi kukaa bure kwenye ukuta wake, alijipa kazi. Vijana walikuwa wameegemeza ngazi ya kuvukia, na fundi akajiweka chini yake kuamua nani apande na nani arudi nyumbani. Wengi aliwarudisha. Kila aliyemrudisha alimpa maelezo marefu kuhusu mgomo na heshima ya wananchi, na waliosimama kando wakicheka au kupiga makofi, alirefusha. Kufikia jioni sauti ilikuwa imemkauka na hakuweza kusimulia chochote nyumbani, jambo ambalo mkewe alilipokea kama ushindi wa kwanza wa mapinduzi.

Serikali haikuanguka. Alhamisi asubuhi mkewe alikuwa amevimba uso, macho yamebaki vijistari, na alizungumza akipumzika katikati ya maneno.

"Injinia. Imeanguka?"

"Bado kidogo."

"Basi nisaidie kuvaa viatu."

Viatu havikuingia. Alimvalisha ndala zake mwenyewe, akampandisha kwenye mkokoteni wa kubebea mbao, akamsukuma hadi kwenye ukuta. Vijana walisimama kwa heshima, wakamsalimia mama. Kisha wakatazama ngazi, wakamtazama mama, wakatazamana.

Alijaribu. Alipanda vidato viwili, akasimama hapo akihema kama aliyefika mlimani. Kijana mmoja aliyekuwa juu alinyoosha mkono amvute. "Usiuguse huo!" fundi alipiga kelele. Ulikuwa mkono wa kushoto wa mkewe, wenye mshipa ulioshonwa kwa ajili ya mashine. Ukivutwa vibaya, hata mashine isingesaidia. Wakamshusha polepole, kidato kwa kidato, mtaa mzima ukitazama. Mama muuza chai alimletea kigoda.

"Si taabu, mzee," binti alisema. "Tufungue mlango mmoja, apite, tufunge. Ukuta wote ni milango."

Fundi aliutazama ukuta wake. Milango kutoka kiwandani hadi korongoni, mizuri, imenyooka, na hakuna hata mmoja uliofunguka. Kijana mwenye bisibisi alikwisha anza kuhangaika na skrubu ya kwanza. Bisibisi iliteleza. Alijaribu ya pili, ikateleza.

"Mjinga gani kasaga vichwa hivi?" aliuliza.

Wote walimtazama fundi kwa huruma, na huruma ile ilimchoma kuliko kama wangemcheka. Aliingia karakanani akarudi na msumeno. Mbao ilikuwa ngumu, aliyoichagua mwenyewe kwa ugumu wake, na msumeno ulipiga kelele kila sentimita. Jasho lilimtiririka ndani ya shati la harusini.

"Juzi nilisikia," mkewe alisema kutoka kwenye kigoda, "hata wewe. Huwezi. Kufungua."

"Usiseme sana, mama. Pumzika."

"Napumzika. Wewe kata."

Alikata fremu, akatoa mlango mmoja, akautia bawaba na komeo. Ulifunguka, lakini ulikwaruza chini. Bila kufikiri alishika randa akaanza kuulainisha ukingo.

"Wee bwana!" mkewe alisema kwa pumzi yote aliyokuwa nayo. "Unapiga randa? Nitakufa mlango ukiwa laini?"

Fundi aliitupa randa. Binti alichungulia nje, akawapa ishara, na mkokoteni ukapita.

Upande wa pili askari walikuwa wamekaa chini ya turubai, wamechoka kama watu wengine wote. Mkubwa wao alikuja, akamwangalia mgonjwa, akainua mtandio wake kwa ncha ya kirungu kuona kama kuna kitu kimefichwa. Hakukuwa na kitu ila mtu aliyevimba. Fundi alitaka kumrukia. Badala yake alijikuta akisema, "Ahsante, mkubwa."

"Nani fundi wa huu ukuta?" mkubwa aliuliza. "Tumevunja taa mbili."

Moyo wa fundi ulipiga kwa hofu, na chini ya hofu, Mungu amsamehe, kulikuwa na kiasi kidogo cha furaha.

"Mimi sijui, mkubwa."

"Ni mpumbavu mmoja hivi," mkewe alisema. "Mtaa wote. Unamjua."

Mkubwa alicheka, akawaruhusu.

Hospitali haikuwa mbali kwa gari. Kwa mkokoteni ilikuwa mbali. Fundi alisukuma katikati ya barabara tupu, akipita mawe na matairi yaliyoungua, na mkewe akaacha kumtania. Hilo ndilo lililomtisha. Kila baada ya hatua chache alisimama kumwangalia kama kifua kinapanda.

Kwenye chumba cha mashine mlango ulikuwa umefungwa. Nje, kwenye benchi na sakafuni, walikuwepo wagonjwa wengine waliovimba kama mkewe. Mlinzi alikuja taratibu akizungusha funguo.

"Mashine zipo," alisema. "Anayeziendesha ndiye hayupo. Nesi hajafika tangu jana. Hawa unaowaona ni wa Jumatano, wamelala hapa hapa."

"Anakaa wapi huyo nesi?"

Mlinzi alitaja mtaa wa fundi. "Wamefunga huko. Wamejenga ukuta wa milango, sijui washenzi gani."

Fundi alimlaza mkewe kwenye benchi, akamwekea kofia yake chini ya kichwa, akakimbia. Hakuwa mtu wa kukimbia. Tumbo lililovutwa ndani kwenye picha lilikuwa nje sasa, likimtangulia. Aliwapita askari mikono juu, akagonga mlango wake mwenyewe.

"Nani?" sauti iliuliza kutoka ndani.

"Mimi, fundi."

"Fundi yupi?"

"Fundi! Fundi wa ukuta!"

"Kila mtu leo anasema ni fundi wa ukuta. Zungumza tukusikie."

Kwa mara ya kwanza maishani maneno yalimkimbia. Alipiga mlango kwa ngumi zote mbili, na mbao ikamjibu kwa uimara ule ule aliousifia. Ilibidi aitwe binti aje achungulie juu ya ngazi ndipo wakamfungulia.

Nesi alikuwa nyuma ya nyumba yake akianika nguo. Fundi alianza kueleza kabla hajapata pumzi: mke, mashine, wagonjwa, njoo dada, njoo. Nesi alishikilia shuka mkononi, akamtazama.

"Wewe umenisahau," alisema.

"Sijawahi kukuona, dada yangu."

"Jana asubuhi nilikuja pale kwenye ngazi na mkoba wangu. Nikakuambia naenda hospitali, watu wananisubiri. Ukaniambia, leo hakuna kazi, dada, nchi nzima ni mgonjwa, tungoje ipone kwanza. Watu wakapiga makofi. Nikajaribu kukueleza, ukanipigia saluti."

Uso hakuukumbuka. Maneno aliyakumbuka vizuri sana. Yalikuwa yamempendeza kiasi kwamba aliyatumia tena kwa watu wengine watatu au wanne, na kila mara aliboresha saluti.

"Ungeniambia unaendesha mashine," alisema kwa sauti ndogo.

"Ulinipa nafasi?"

Nesi alilitupa shuka kwenye kamba bila kulinyoosha, akaingia ndani kuchukua mkoba.

Walikwenda mbio, nesi akitangulia. Walipotokea kwenye ukumbi wa hospitali, wagonjwa walimwona nesi kabla ya kumwona fundi, na sauti iliyowatoka ilikuwa kama ya watu wanaoona maji. Mwanamke mmoja alianza kulia. Mzee mrefu aliyekuwa kwenye benchi karibu kabisa na mlango, mkongojo katikati ya magoti, alijaribu kusimama akashindwa.

"Umefikaje, mwanangu? Si wamefunga?"

"Huyu baba amenifuata nyumbani," nesi alisema, na hakuongeza neno.

Basi wakamgeukia fundi. Walimshika mikono, wakamwombea kwa Mungu, wakamwita baba, wakamwita mkombozi. Kuna aliyembusu kiganja. Fundi alisimama katikati yao akitazama juu ya vichwa vyao, alikolala mkewe. Kifua kilikuwa bado kinapanda, lakini mdomo ulikuwa wazi na midomo imegeuka rangi ya majivu.

"Mashine zinazofanya kazi ni mbili," nesi alisema akifungua mlango. "Nani wa kwanza kwa jana?"

"Mimi," alisema mzee wa mkongojo. "Na huyu mama hapa." Kisha akamwona mwanamke aliyelala na kofia chini ya kichwa. "Yule ni nani?"

"Ni mke wake," mlinzi alisema.

"Basi aanze yule," mzee alisema. "Nafasi yangu mpeni yeye. Bila mumewe sote tungelala hapa tena."

Nesi alimtazama fundi. Hakumkunjia uso, hakumfumbia jicho. Alisimama tu, mkono kwenye kitasa, akingoja, kwa sababu yeye alijua na fundi alijua. Fundi alimwangalia mzee, miguu yake iliyojaa ndani ya soksi zilizokatwa, akamwangalia mkewe. Mdomo, ambao haukuwahi kumnyima neno, aliufunga. Wakamwingiza mkewe.

Alipita kando yake akibebwa, na akafumbua jicho moja.

"Leo umetulia," alimwambia. "Ahsante, mume wangu."

Mlango ulifungwa. Baadaye nesi alitoka mara moja kusema kwamba damu imeanza kuzunguka na mama anapumua vizuri, akarudi ndani. Fundi alishukuru Mungu kwa sauti, machozi yakamtoka mbele za watu na hakuyafuta. Mzee wa mkongojo alimsogezea nafasi kwenye benchi, akaweka mkono begani kwake. Mkono ulikuwa mzito, umejaa maji.

"Umefanya kazi kubwa leo," alisema. Alikuwa akihema kati ya maneno kama mke wa fundi alivyokuwa akihema asubuhi. "Sisi tumekaa hapa, tunawalaani hao waliofunga. Ninawaelewa, mimi pia serikali hii siitaki. Lakini mtu anamrudisha nesi? Anamrudisha kwa akili gani?"

Fundi angeweza kukubaliana naye. Angeweza kusema kweli kabisa, baba, na mambo yakaishia hapo, na mkono ukabaki begani.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Ukuta nimeujenga mimi. Nesi nilimrudisha mimi, jana asubuhi. Nilimwambia nchi ni mgonjwa."

Mzee alimkodolea macho, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, akawageukia wenzake. "Mmesikia? Eti ni yeye! Kamleta nesi kwa miguu, sasa anatutafutia kicheko." Wengine nao wakacheka, kwa shida, kila mmoja kwa pumzi aliyonayo, na yule mwanamke aliyekuwa akilia alisema jamani, huyu baba ni mtu wa watu.

"Ni mimi kweli," fundi alisema. Hakuwahi kusema jambo fupi kiasi kile, na hakuwahi kukosa kuaminiwa kiasi kile.

Nesi alikuwa amesimama mlangoni na mirija mkononi. Yeye hakucheka. Mzee alimgeukia acheke naye, akamwona uso wake, na kicheko kikamwishia polepole. Wengine nao wakanyamaza mmoja mmoja. Nesi aliingia ndani akafunga mlango.

Mzee aliuondoa mkono begani mwa fundi. Aliinama akaitazama miguu yake. Ndani, mashine zilisikika zikinguruma.

"Haya, shuka chini," alisema hatimaye. "Miguu yangu imekufa ganzi tangu jana. Isugue."

Fundi alipiga magoti mbele ya benchi, akamvua soksi. Ngozi ilikuwa imevutika, inang'aa. Alianza kusugua kwa viganja vyake vya kazi, taratibu, na kila alipobonyeza, kidole kiliacha shimo, na shimo halikujaa. Alitaka kuomba msamaha. Aliyatafuta maneno yanayofaa, akayapata mengi, akainua kichwa.

"Usiseme," mzee alimwambia. "Sugua tu."